Karte ya mutuele inatafutwa mbele ya siku ya kupasuliwa

Mazungumzo ya kamati kwenye mkutano wa wanachama, Baraka



Leo tunaongea juu ya kupasuliwa na franka zake. Tunawaza hasa kupasuliwa kunakojulikana mbele: mama ambaye dokta amemwambia atazaa kwa kupasuliwa, baba mwenye ngiri, bibi mwenye mtoto wa jicho, dada mwenye uvimbe kwenye kizazi. Hawa wote wako na kitu ambacho mtu wa ajali hana. Wako na muda. Tunataka tuone pamoja namna ya kutumia huo muda.

Sisi tuliorudi kutoka Tanzania tuko na mazoea yetu. Kule Nyarugusu na Lugufu mgonjwa alienda dispensari ya kambi, wakiona inazidi wanamtuma hospitali, na hakuna aliyemwomba shilingi. Tangu safari za kurudi zilipoanza mwaka 2005, tumejifunza kwamba huku mambo ni mengine. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inalindwa. Hata hivyo, kwenye mlango wa hospitali tunaulizwa kwanza tuko na nini mkononi. Wako ndugu waliopasuliwa wakapona vizuri, kisha wakabaki wodini siku nyingi juu ya deni tu. Nyumbani mbuzi anauzwa, shamba la mihogo linawekwa rehani, watoto wanaacha masomo.

Ndiyo maana tunaongea juu ya mutuele za afya. Nchi yetu iko na sheria ya mutuele tangu tarehe 8 Februari 2017. Mutuele si duka. Ni sanduku la wanachama wenyewe, halitafuti faida, na mkutano wa wanachama ndio wenye neno la mwisho. Mnalipa wote, wanatibiwa wanaogonjwa.

Tunasikia watu wanasema: "Sijagonjwa, nilipe ya nini? Nitaingia siku nitagonjwa." Tufikiri kidogo. Kama wanaingia wagonjwa tu, sanduku linaisha mara moja. Ndiyo sababu mutuele nyingi zinaandika nyumba nzima, si mtu mmoja, na zinaweka muda wa kungoja, mara nyingi miezi mitatu, mbele karte haijaanza kufanya kazi. Mtu anayelipa Jumatatu ili apasuliwe Ijumaa atalipa yote mwenyewe, hata akiwa na karte mpya mfukoni.

Basi, mwenye kujua kwamba atapasuliwa afanye nini? Kwanza, arudi kwa dokta aulize mambo mawili na aombe yaandikwe: kupasuliwa huku kunaitwaje, na kunaweza kungoja mpaka lini? Ngiri inayorudi ndani mtu akilala inaweza mara nyingi kungoja. Lakini ngiri iliyokwama, inayouma sana, hairudi ndani, na mtu anatapika, hiyo haingoji karte wala mkutano. Mtu aende hospitali saa hiyo hiyo, hesabu tutaifanya nyuma. Tusipoteze ndugu kwa kungoja miezi mitatu iishe.

Akiisha kuwa na hiyo karatasi, aende nayo kwa mutuele, na kama ziko mbili aende kwa zote mbili. Asifiche ugonjwa. Ukificha na ukajulikana nyuma, unaweza kukataliwa siku ile unapohitaji msaada. Halafu aulize maswali haya, na ajibiwe kwa kuonyeshwa mkataba, si kwa mdomo tu:

1. Mutuele iko na mapatano na hospitali gani? Mtu wa Baraka akichukua mutuele inayofanya kazi na hospitali ya Uvira, ahesabu pia njia, chakula cha mlinzi wa mgonjwa na fasi ya kulala. Mara nyingi mutuele hailipi hayo.

2. Kupasuliwa kwangu kumo kwenye orodha? Na ndani yake kuna nini: vipimo, damu, dawa ya usingizi, kitanda, dawa za nyuma, kubadilisha bandeji? Ugonjwa niliokuwa nao mbele ya kuingia unakubaliwa?

3. Muda wa kungoja unahesabiwa tangu siku gani? Siku ya kujiandikisha, ao siku ya kumaliza kulipa nyumba nzima? Hapa wengi wanashikwa. Mtu alilipa nusu mwezi wa kwanza na nusu mwezi wa tatu, kumbe hesabu inaanza mwezi wa tatu.

4. Sehemu ya mgonjwa ni ngapi, na kuna kikomo? Tuseme kupasuliwa ni dola 200 na mutuele inalipa 80 kwa 100. Sisi tunatafuta dola 40. Lakini kama mkataba unasema mutuele haipite dola 100, tunatafuta dola 100. Karte ni ileile, maneno ni yaleyale ya "80 kwa 100", lakini mzigo umezidi mara mbili na nusu.

5. Njia ni ipi? Karibu kila mahali mgonjwa anaanza kwenye sentre ya afya ya kwake, muuguzi anaandika barua ya kumtuma hospitali kubwa. Ukiruka hiyo hatua, karte yako inaweza kukataliwa.

Kuna pia mambo ya kuuliza mbele ya kutoa franka zozote. Serikali ilianzisha mpango wa kuzaa bure Kinshasa mwezi wa Septemba 2023, kisha ikaupeleka katika majimbo mengine hatua kwa hatua, na kupasuliwa kwa kuzaa kumo ndani yake. Mama mwenye mimba aulize sentre yake: ninyi mko ndani ya mpango? Hospitali gani iko ndani? Kama wako ndani, franka za nyumba zitumike kwa mwingine. Mama mwenye fistula naye aulize kwanza, kwa sababu kule Bukavu, Hospitali ya Panzi inajulikana sana kwa kazi hiyo, na matibabu hayo mara nyingi yanalipwa na wafadhili.

Kwenu marafiki mnaotutegemeza, tunasema wazi. Mara nyingi tunawaandikia wakati ndugu amekwisha kufungiwa na deni la hospitali. Mnatuma, anatoka, na mwezi unaofuata tunaandika tena kwa ajili ya mwingine. Msaada huo tunaushukuru, na kwa watu wa dharura utahitajika bado. Lakini tunaomba sehemu yake iingie mapema, isaidie mchango wa wajane, wazee wasio na watoto, na nyumba zilizorudi juzi hazijavuna. Deni la mtu mmoja aliyepasuliwa linaweza kutosha kuandikisha nyumba kadhaa kwa mwaka.

Kwenu wanachama, tunaomba mambo matatu. Kila nyumba iwaambie wajumbe wake nani anatazamiwa kupasuliwa mwaka huu. Hatutasoma majina mbele ya watu, ugonjwa wa mtu ni siri yake. Pili, asiyejua kusoma Kifaransa cha mkataba asitie kidole mbele hajaleta karatasi kwa kamati. Tuko na vijana watakaosoma nanyi mstari kwa mstari. Tatu, baada ya mavuno, wakati franka bado ziko nyumbani, tulipe nyumba nzima mara moja, ili muda wa kungoja uanze kuhesabiwa.

Mbele ya kuachana, mwenye karatasi ya dokta mkononi abaki kidogo. Tutakaa naye pale chini ya mwembe, tuhesabu pamoja miezi iliyobaki.