Afya ya Mwanafunzi ni Akiba ya Ushirika

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Wenzetu waliotutangulia kusema wamekwisha kuyahesabu magunia ya korosho na ufuta yaliyopita katika maghala yetu, nasi hatutazirudia hesabu hizo. Sisi tumepewa kazi ya kusema habari ya mavuno mengine, yasiyopimwa kwa mizani ya ghala, nayo ni afya ya watoto wetu walioko shuleni, hasa hapa Mandawa yetu ya Ruangwa.

Na tuutazame mwendo wa siku moja. Mtoto huamka na homa, lakini kwa kuogopa kukosa somo huenda shule. Ifikapo saa nne hujilaza juu ya dawati. Mwalimu hana kipimo wala kitanda. La kufanya ni kumrudisha nyumbani pamoja na mwenziwe wa kumsindikiza. Mama yuko shambani chini ya mikorosho. Huitwa, huacha kazi, hushika njia ya zahanati. Jua likichwa, watoto wawili wamekosa masomo, na mzazi amekosa kazi ya siku nzima. Hasara hiyo haiandikwi katika daftari lo lote, lakini sote twailipa.

Tena yako maradhi yasiyopiga kelele. Kichocho humkojolesha mtoto damu, naye huona haya kusema. Minyoo humnyonya taratibu. Macho hafifu humzuia kuusoma ubao, akaitwa mjinga, kumbe haoni. Watoto wa namna hii hawakosi shule. Wamo darasani, lakini masomo hayawafikii.

Basi twaomba nini? Hatuombi hospitali. Twaomba kila shule iwe na chumba kimoja safi, chenye kitanda, maji ya kunawa, sanduku la huduma ya kwanza na daftari la afya. Mwalimu mmoja aliyefundishwa kazi hiyo. Na siku maalumu ambayo muuguzi wa zahanati atafika kuwapima watoto macho, meno, uzito na homa. Na wasichana wakubwa wapate mahali pa kujisitiri, wasilazimike kukaa nyumbani kila mwezi.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1973 nchi nzima ilifundishwa katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakakaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kuchimba vyoo. Mwaka 2013, ugawaji wa vyandarua kwa njia ya wanafunzi ulipoanza, mikoa iliyotangulia ilikuwa hii yetu ya Kusini: Lindi, Mtwara na Ruvuma. Mwaka 2018 chanjo ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchini kote, na shule zikawa mahali pake pakubwa. Dawa za minyoo na kichocho nazo zimepitia mikononi mwa walimu. Hata kwa jirani zetu wa Kenya, wataalamu waliofanya uchunguzi katika shule za Busia tangu mwaka 1998 waliona kuwa dawa ya minyoo ilipunguza utoro kwa robo. Njia, basi, imekwisha kulimwa. Kazi yetu ni kuipalilia isiote majani.

Lakini hatuna budi kusema na mabaya yaliyopata kutokea. Mwaka 2008, mkoani Morogoro, ugawaji wa dawa hizo mashuleni ulizusha ghasia. Uvumi ulienea kuwa watoto wanadhurika, wazazi wakakimbilia shuleni kuwatoa. Tusiwacheke. Dawa ya kichocho, mtoto akiimeza na njaa, yaweza kumletea kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo. Mzazi asiyeelezwa mapema, akimwona mwanawe anatapika, atafikiri nini?

Hapo ndipo tunapoiona kazi ya ushirika. Dawa ni ya Serikali, na muuguzi ni wa Serikali. Lakini bakuli la uji kabla ya dawa, na neno la kuaminika masikioni mwa mzazi, ni vitu tunavyoweza kuvitoa sisi. Mkulima asiyemjua mgeni wa kutoka mjini anamjua karani wa chama chake. Tangazo likisomwa ghalani siku ya kupima mazao, limefika.

Twajua wako watakaonung'unika: “Makato mengine tena!” Nao wana haki, maana shilingi ya mkulima ina jasho. Kwa hiyo hatutaki jambo hili lipitishwe gizani. Twapendekeza mkutano mkuu uamue wenyewe. Tuanze na msimu mmoja, kwa kutengeneza chumba kimoja na kutoa uji wa siku za dawa. Kisha hesabu isomwe hadharani, senti kwa senti. Ikionekana haifai, tuiache. Mwaka 1995, wanaushirika wa dunia walipokutana Manchester, waliiweka katika misingi yao saba ile ya kuijali jamii. Msingi usiotendwa ni maneno ya ukutani.

Nasi tujilaumu kidogo. Msimu wa korosho ni nani awaitaye watoto kutoka darasani waende kuokota? Na wakati wa kupuliza salfa, ni nani awaachao karibu na vumbi lile, macho yakawawasha? Chumba cha afya hakitamsaidia mtoto tunayemwumiza wenyewe.

Ndugu wanachama, wazee wetu wanakumbuka mengi. Mpango mkubwa wa karanga ulikuja Nachingwea mwaka 1947 kwa matrekta na fedha nyingi, na mwaka 1951 ulikuwa umekwisha kuachwa. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mitambo huondoka, na vyama huweza kuvunjwa. Lakini walioujenga ushirika upya walikuwa watu wenye nguvu na akili za kuanza tena. Watu hao wa kesho wamekaa madarasani leo, na baadhi yao wana homa.

Haba na haba hujaza kibaba. Tukianza na kitanda kimoja, ndoo moja ya maji na sufuria moja ya uji, watakaokuja kuadhimisha miaka ishirini watakuwa na la kuhesabu zaidi ya magunia.

Ushirika na udumu.