Mwanafunzi Anayemfundisha Mwenzake Naye Alipwe

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa walimu na watumishi wa umma wa Isongole, Wilaya ya Ileje)

Kila mwaka kijana wa Isongole aliyefaulu Kidato cha Sita hufunga sanduku lake na kushika barabara ya Mpemba kwenda kutafuta shahada. Mmoja huishia Mbeya, mwingine Dodoma, mwingine Dar es Salaam. Nyuma yake anawaacha walimu waliomfundisha, wazazi waliouza kahawa au mahindi ili apate nauli, na wadogo zake wanaomtazama kama kioo chao. Wote hao huamini kwamba kazi ngumu imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Kijana huyo alijifunza kusema kwa Kindali, akajifunza kusoma kwa Kiswahili, na alipofika sekondari akapokewa na Kiingereza. Katika safari hiyo yote alikuwa na mwalimu aliyemjua kwa jina na aliyejua nyumbani kwao. Chuo kikuu huingia katika ukumbi wenye mamia ya wanafunzi. Mhadhiri yuko mbali, anasema kwa kipaza sauti, na muda ukiisha kundi jingine linasubiri mlangoni. Masomo ya lazima ya mwaka wa kwanza, kama Taaluma za Maendeleo na Stadi za Mawasiliano, huwakusanya wanafunzi wa fani nyingi kwa pamoja. Asiyeelewa huona haya kunyoosha mkono mbele ya umati ule. Hunyamaza, hunakili, na husubiri mtihani umfichue.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua milango yake Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Mwalimu wa watu 14 hahitaji msaidizi. Leo vyuo vikuu vya umma vinahesabu wanafunzi wao kwa maelfu mengi, na hilo ni jambo la kujivunia, kwa maana elimu ya juu si tena mali ya wachache. Lakini mlango ukipanuliwa, hapana budi walezi wa ndani nao waongezwe. Kumwingiza mtoto wa mkulima ukumbini kisha kumwacha apotee humo si kumpa haki yake yote.

Dawa moja ya tatizo hili imekwisha kujaribiwa mahali pengi. Mwaka 1973, katika chuo kikuu kimoja cha Kansas City nchini Marekani, ulianzishwa utaratibu wa kumchukua mwanafunzi aliyefaulu vizuri somo gumu, akahudhuria tena mihadhara ya somo lile pamoja na wageni, kisha akakutana nao kila wiki katika vikundi vidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Colorado, kilichoko Boulder, kilianza kuwaweka wanafunzi wasaidizi ndani ya madarasa makubwa ya sayansi, wakijifunza pia namna ya kufundisha. Afrika Kusini iliupokea utaratibu ule wa Kansas City mwanzoni mwa miaka ya 1990, kupitia chuo kikuu cha Port Elizabeth. Popote ulipofanikiwa, shabaha yake ilikuwa somo gumu na si mwanafunzi dhaifu. Hakuna aliyeitwa mjinga ili asaidiwe. Kikundi kilikuwa wazi kwa wote, na aliyetaka alikuja.

Ubora wa msaidizi huyo hautokani na kumzidi mhadhiri kwa elimu. Unatokana na kwamba yeye mwenyewe alijikwaa pale pale mwaka mmoja uliopita, na bado anakumbuka jiwe lilipo. Anaweza kulieleza jambo kwa Kiswahili kwanza, kisha akamrudisha mwenzake kwenye Kiingereza cha kitabu. Aidha, mgeni haogopi kumwuliza swali ambalo angeona aibu kumwuliza mwalimu.

Swali linalobaki ni la fedha, na hapo ndipo mawazo hutofautiana. Wapo wasemao kwamba kusaidiana ni desturi ya Mwafrika, kwa hiyo mwanafunzi ajitolee bure. Ni kweli kwamba wanafunzi husaidiana, na vikundi vyao vya kujadiliana usiku vitaendelea kuwapo bila kuulizwa na mtu. Lakini msaada wa hiari ni jambo moja, na wajibu wenye ratiba, saa maalumu, mahudhurio na taarifa kwa mhadhiri ni jambo jingine. Hili la pili ni kazi. Tangu Azimio la Arusha la 1967 nchi hii imefundishwa kwamba kutumia jasho la mtu bila ujira kuna jina lake, nalo ni unyonyaji.

Tena kazi ya bure huchagua watu wake. Mwanafunzi mwenye wazazi wenye nafasi anaweza kujitolea. Mwanafunzi aliyepata sehemu tu ya mkopo, ambaye jioni husimamia kibanda cha wakala wa fedha ili apate chakula, hawezi. Huyo ndiye aliyepita njia ile ile ya kijana wa Isongole, na ndiye ambaye angefaa zaidi kumwongoza. Bila malipo, wasaidizi watakuwa watoto wa wenye uwezo, na wageni kutoka vijijini watakosa wa kufanana nao.

Taifa lina kumbukumbu yake katika jambo hili. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba karibu watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1975 hesabu hiyo ilikuwa imeshuka hadi 39. Kazi ile haikufanywa na walimu wa shule peke yao. Ilifanywa pia na vijana waliomaliza darasa la saba, wakulima na watumishi, kila mmoja akimfundisha jirani yake. Waliitwa walimu wa kujitolea, lakini walitengewa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Posho ile haikumtajirisha mtu. Ilisema tu kwamba taifa limeiona kazi yake. Na pale ilipochelewa au ilipopoteza thamani, wengi walivunjika moyo. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa.

Kumbukumbu ya pili ni ya onyo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na kwa kuwa walimu hawakutosha, vijana wa darasa la saba walipewa madarasa huku wakiendelea kujifunza ualimu. Wengi walifanya kazi kwa moyo mkubwa, lakini mzigo waliobebeshwa ulikuwa wa mwalimu kamili, na ubora wa elimu uliumia. Kwa hiyo mipaka ya mwanafunzi msaidizi iwekwe mapema. Asitoe mhadhara, asisahihishe mtihani, wala asiwe sababu ya kuacha kuajiri wahadhiri. Yeye ni daraja kati ya mhadhiri na darasa, na daraja halichukui nafasi ya ng'ambo.

Je, gharama yake ni kubwa? Na ichukuliwe hesabu ya mfano. Darasa lina wanafunzi 600. Likigawanywa katika vikundi vya watu 20, vitapatikana vikundi 30. Kila msaidizi akishika vikundi viwili, watahitajika wasaidizi 15. Kila mmoja afanye kazi saa sita kwa wiki, yaani kuhudhuria mhadhara, kujiandaa na kuongoza vikundi vyake. Kwa wiki 15 hizo ni saa 90. Akilipwa shilingi 5,000 kwa saa, atapata shilingi 450,000 kwa muhula, na wote 15 watapata shilingi 6,750,000. Fedha hizo zikigawanywa kwa wanafunzi 600, kila mmoja amegharimu shilingi 11,250. Posho ya chakula na malazi kwa mwanafunzi mwenye mkopo ilipandishwa hadi shilingi 10,000 kwa siku. Basi msaada wa muhula mzima hauzidi sana posho ya siku moja.

Hasara ya upande wa pili ipimwe pia. Kijana anayeondolewa masomoni kwa kushindwa mitihani hurudi nyumbani bila shahada, lakini deni la Bodi ya Mikopo halikurudi nyuma. Watumishi walioko hapa wanajua uzito wa makato ya asilimia 15 ya mshahara, yaliyowekwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Wao wanalipa kutokana na kazi waliyoipata kwa shahada. Yule atalipa kwa jembe, au Bodi haitalipwa kabisa, na mkopaji wa kesho atapungukiwa.

Fedha za elimu ya juu hazikosekani kabisa. Mwaka 2021 ulianza Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 425. Majengo, maabara na mafunzo ya wahadhiri ni vitu vya lazima, wala hakuna mwenye akili atakayevipinga. Lakini jengo huwekewa jiwe la msingi na kupigwa picha, na mwanafunzi msaidizi hapigwi picha. Kwa sababu hiyo husahaulika kwa urahisi wakati wa kupanga bajeti. Kinachotakiwa ni kifungu kidogo cha kudumu katika bajeti ya kila idara yenye madarasa makubwa, ili kazi hii isitegemee mfadhili anayekuja leo na kuondoka kesho.

Ndugu Walimu na Ndugu Watumishi, jambo hili lisionekane kuwa la Mlimani tu. Mwalimu wa Isongole anayemzoesha mwanafunzi wa Kidato cha Tatu kumweleza wa Kidato cha Kwanza, kisha akakaa nao kusikiliza wanavyoelezana, anamwandaa msaidizi wa kesho. Mtumishi anayepitisha makadirio ya fedha, popote alipo, anaweza kuuliza kifungu hicho kiko wapi. Na kijana anayefunga sanduku mwaka huu aambiwe mapema kwamba kuuliza si aibu.

Jamii imekwisha kumlipia nauli hadi mlango wa ukumbi. Shilingi 11,250 zinatosha kumpatia mtu wa kumwonyesha pa kukaa, na wa kukaa naye mpaka aelewe.