Ukipewa Pesa Uhame, Hesabu Kwanza

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa Muthetheni na soko za jirani. Tumeiweka hapa kwa ambao hawakufika.)



Leo siongelei siasa. Naongea kuhusu mlango wa duka lako. Wengi wetu hapa Muthetheni hatuna ploti. Tunakodi. Kuna wa duka la nguo, wa hoteli, kinyozi, fundi wa simu, wa kuuza nafaka. Na soko linakua. Mwenye ploti anaangalia vile vyumba vyake vya mabati, anaona ghorofa. Hilo si dhambi, mali ni yake. Lakini kabla ajenge, wewe lazima utoke. Na njia rahisi kwake ya kukutoa ni kuja na ofa: "Nikupe kitu kidogo, utoke kwa amani."

Hayo yanaitwa makubaliano ya kuhama kwa hiari. Neno la kushika hapo ni hiari. Nataka uondoke na jambo moja tu: ukikubali pesa za kuhama, unauza kitu. Unauza haki yako ya kukaa. Sasa utauzaje kitu ambacho hujui bei yake?

Kwanza, unauza nini hasa?

Wengi tunadhani hatuna haki yoyote kwa sababu hatukuandikiana. "Mimi nalipa tu kwa M-Pesa, sina karatasi." Ndugu yangu, ni kinyume. Kenya tuko na sheria ya wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na nyumba za chakula, Sura ya 301, ya tangu 1965. Inasema ukikodi duka bila mkataba wa maandishi, au kwa mkataba ulioandikwa wa muda usiozidi miaka 5, wewe ni mpangaji anayelindwa. Yaani yule asiye na karatasi ndiye sheria imemkumbuka.

Inakulinda vipi? Mwenye ploti hawezi kukuambia "mwisho wa mwezi utoke" ikaisha hapo. Lazima akupe notisi ya maandishi, kwa fomu maalum iliyowekwa na sheria, isiyopungua miezi 2. Na lazima aandike sababu. Sababu zenyewe zimetajwa: umekaa na deni la kodi la miezi 2 au unachelewesha kila mara, umeharibu jengo, umevunja masharti, anataka kubomoa na kujenga upya, au anataka kutumia pale yeye mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka 1. "Nimepata mtu wa kulipa zaidi" haimo.

Ukipata notisi hiyo, una mwezi 1 wa kumjibu kwa maandishi kama unakubali au hukubali. Usipokubali, unapeleka shauri kwa Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, lile linajulikana kama BPRT, kabla siku ya notisi haijafika. Ukishapeleka, unaendelea kukaa na kulipa kodi yako mpaka jopo liamue. Lakini sikiza vizuri: ukinyamaza, notisi inashika. Kuna watu hupoteza duka wakiwa na haki zote mkononi, kwa sababu waliweka ile karatasi kwa droo na kusema Mungu atajua. Mungu anajua, ndiyo. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha tumfunge ngamia kwanza.

Na kama ploti imeuzwa? Mnunuzi anainunua pamoja na wapangaji waliomo. Sasa kodi inamwendea yeye, kwa hivyo wajibu wa notisi pia ni wake. Asije na fundi na nyundo akisema "mimi sikujui".

Sasa umeona kwa nini anakuja na pesa? Si huruma peke yake. Njia ya sheria inachukua muda, na lazima athibitishe sababu yake. Akikulipa ukaondoka wenyewe, amenunua muda na amenunua uhakika. Hivyo vitu viwili vina bei.

Pili, huwa wanaongea vipi?

Mbinu zinafanana kila soko. Nitakutajia 5.

Moja, haraka. "Ofa hii ni mpaka Ijumaa." Ukiona mtu ana haraka kuliko wewe, jua muda una thamani kwake. Mwambie: "Asante mzee, nimesikia. Nipe kwa maandishi, nami nitakujibu kwa maandishi."

Mbili, kuwatenganisha. Anaongea na kila mpangaji peke yake na kumwambia, "Wewe nakupa zaidi, usiambie wengine." Kila mmoja anaambiwa hivyo hivyo. Mkiwa wapangaji 6 kwa ploti moja, kaeni chini kabla yeyote hajasaini. Si lazima mpate kiasi sawa, kwa sababu biashara hazifanani. Lakini mjue kila mmoja ameambiwa nini.

Angalia Mombasa, mtaa wa Buxton. Kaunti ilitaka kubomoa nyumba zake za zamani ijenge mpya. Iliripotiwa kwamba wapangaji walitengewa shilingi 240,000 kwa kila nyumba ili wahame. Wapo waliochukua, wapo waliopinga mpaka mahakamani. Mimi siko hapa kusema nani alikuwa sawa. Nasema kiasi kilijulikana, watu wakakijadili mchana. Kwetu ofa hunong'onwa nyuma ya duka.

Tatu, kukulipa kwa pesa zako mwenyewe. Anasema, "Nakupa 40,000." Ukiuliza vizuri, ndani ya hiyo 40,000 kuna dipositi yako ya 10,000. Dipositi ni yako hata usipopewa ofa! Iondoe kwa hesabu kabla ya kuanza kuongea.

Nne, kusamehe deni. Kama kweli unadaiwa, deni ni deni, na Muislamu halali vizuri na deni. Lakini liandikwe peke yake: unadaiwa kiasi fulani, limekatwa kiasi fulani. Lisichanganywe na pesa za kuhama mpaka usijue umepewa nini.

Tano, kukuchosha. Stima inakatika kwako tu. Maji yanapotea. Mchanga unamwagwa mbele ya mlango. Hayo si mazungumzo, na hiari iliyopatikana hivyo si hiari. Piga picha, andika tarehe, endelea kulipa kodi kwa njia inayoacha rekodi. Usijibu kwa fujo. Siku utakapofika mbele ya jopo, daftari lako ndilo litakusemea.

Tatu, bei inapatikana vipi?

Chukua karatasi. Tuseme wewe ni dada mwenye duka la nguo, kodi 5,000 kwa mwezi. Ofa ni 40,000. Toa dipositi yako ya 10,000, inabaki 30,000. Sasa andika hasara yako.

Pikapu na vijana wa kubeba: 6,000. Rafu na kioo ambavyo having'oki bila kuharibika: 25,000. Gudwili ya kuingia duka jipya: 30,000. Kodi mpya imezidi ya zamani kwa 2,000 kila mwezi, mwaka mzima ni 24,000. Halafu wateja. Kama unapata faida ya 18,000 kwa mwezi, na miezi 3 ya kwanza ukipata nusu tu, umepoteza 27,000. Jumla ni 112,000.

Umeona? Ulikuwa karibu kusaini 30,000 kwa hasara ya 112,000. Pengine hutapata yote. Mazungumzo ni kupanda na kushuka. Lakini sasa unajua unashuka kutoka wapi.

Na hapa kuna jambo wengi hawajui. Gudwili ya kuingia tunaijua sana, tunalipishwa. Ya kutoka hatuijui. Sheria ile ya Sura ya 301 imelipa jopo uwezo wa kuamuru mpangaji alipwe fidia ya jina na wateja aliojenga mahali pale, na ya marekebisho aliyofanya kwa ruhusa ya mwenye jengo. Kwa hivyo ukitaja wateja wako kwenye mazungumzo, huombi sadaka. Lakini neno ni ruhusa. Ukitaka kuweka sakafu au kupiga rangi, omba kwa ujumbe wa simu, na usifute jibu.

Nne, mkiafikiana, muandike.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Haizungumzii saumu wala Hija. Inazungumzia karatasi! Na wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi karatasi yenu iwe na haya: majina na namba za vitambulisho, namba ya ploti, kiasi cha kuhama, dipositi kwa mstari wake, deni kama lipo kwa mstari wake, tarehe ya kutoka, tarehe ya kulipwa, na mashahidi wa pande zote mbili.

Pesa na funguo vikutane. Nusu siku ya kusaini, nusu siku ya kukabidhi funguo, kwa benki au M-Pesa. Usisaini mahali pameandikwa "nimelipwa yote" kama hujalipwa yote. Na kama umeahidiwa kurudi jengo jipya likiisha, iandikwe ni chumba cha ukubwa gani, kwa kodi gani, na usiporudishiwa itakuwaje. "Utarudi tu, wewe ni mtoto wetu" ni maneno matamu, lakini hayana namba ya mlango. Kabla ya kusaini, mwonyeshe wakili. Wengi wako Machakos mjini, na kulipa ada ya kusomewa karatasi moja ni bei rahisi kuliko kupoteza duka.

Kwa wale wanaokodi chumba cha kulala: sheria yenu ni nyingine, ya kudhibiti kodi, Sura ya 296. Inalinda nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi. Ukiwa chini ya hapo, huwezi kutolewa bila amri. Ukiwa juu ya hapo na unalipa kwa mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja.

Mwisho, vyumba vya kuswalia.

Hili ndilo linaniumiza zaidi. Jamaa zetu nyingi katika soko za Ukambani hazina msikiti. Zina chumba cha kukodi, mkeka, na bomba la udhu. Chumba hicho si duka, hakiuzi kitu, kwa hivyo sheria ya maduka haikilindi. Kikiwa cha kulipia kwa mwezi bila mkataba, notisi ya mwezi mmoja inatosha kutufunga. Musalla ambao watu wamechangia miaka mingi unaweza kuisha kwa siku 30.

Kwa hivyo musalla ndio unahitaji mkataba wa maandishi kuliko duka lolote: miaka kadhaa, notisi ndefu, na fidia ya tuliyojenga ikiwa tutaambiwa tuhame. Na mkataba usiwe kwa jina la mtu mmoja. Kwa sababu siku ya ofa, mwenye ploti atamtafuta aliyesaini, atamwambia, "Nikupe 50,000 uniachie chumba." Pesa hiyo si ya aliyesaini. Ni ya kila aliyetoa shilingi 20 siku ya Ijumaa, na ya mama aliyeleta mkeka. Mkiwa na musalla wa kukodi, wiki hii muulizane: mkataba uko wapi, uko kwa jina la nani, notisi ni ya muda gani? Msingoje mwenye ploti awaulize.

Na upande wetu pia tuwe waadilifu. An-Nisaa 29 inatukataza kulana mali kwa batili na kuruhusu biashara ya kuridhiana. Hiyo inamfunga mwenye ploti, na inakufunga wewe. Ukishachukua pesa na kuahidi kutoka tarehe 30, tarehe 30 toka. Usipige kona ukatafuta nyongeza. Na wewe kijana ambaye baba yako ana ploti, mwambie haya kwa adabu. Mpangaji aliyelipwa haki yake hatakuombea mabaya.

Nenda leo ukatafute notisi zako, risiti zako, na ujumbe wa simu. Ziweke pamoja. Tuma hii kwa mwenzako mwenye duka, kabla ofa haijamfikia.

Allah atupe riziki ya halali na ujasiri wa kuitetea kwa uadilifu. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.