Swali la Dawa na Swali la Daftari

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na tangu hapo lawama yote tumemtwika mgonjwa, tusiulize iwapo tabibu naye ameuacha mlango wazi kiasi cha mtu kuingia na siri yake akatoka na heshima yake.

Nitatoa mfano wa Marekani. Iko dawa ya chunusi sugu, isotretinoini, iliyoruhusiwa huko mwaka 1982, ambayo hukausha chunusi zilizoshinda dawa nyinginezo, lakini ina ila moja kubwa: mjamzito akiimeza, yaweza kumtia mtoto aliye tumboni ulemavu mzito wa moyo, ubongo na uso. Kwa hofu hiyo, mwaka 2006 likafunguliwa daftari liitwalo iPLEDGE, na ikawa hapana apewaye kidonge hata kimoja asipoandikwa humo katika fungu moja kati ya matatu: mwanamume, mwanamke awezaye kuzaa, au mwanamke asiyeweza.

Sasa fikirini hali ya mtu aliyezaliwa na maumbile ya kike, ambaye sasa anaishi kama mwanamume na kutumia homoni ya testosteroni. Homoni hiyo huzidisha mafuta ya ngozi, na aghalabu katika mwaka wa kwanza uso, kifua na mgongo hufura chunusi. Kwa hiyo huyu naye ni miongoni mwa wanaoihitaji sana dawa ile. Lakini akifika kwa tabibu na ndevu zake na jina lake la kiume, daftari lilishurutisha aandikwe mwanamke, naye akabaki kuchagua baina ya kumeza fedheha pamoja na kidonge, au kurudi nyumbani na chunusi ziachazo makovu.

Tahadhari yenyewe ilikuwa ya haki, maana testosteroni hukatiza hedhi kwa wengi, ilhali si kinga ya mimba. Taksiri ilikuwa katika swali: dawa yataka kujua tu kama mwili huu waweza kushika mimba, na daftari likauliza jambo jingine. Madaktari wa ngozi walilalamika miaka kadhaa, hata tarehe 13 Desemba 2021 mafungu yakawa mawili, awezaye kupata mimba na asiyeweza. Kupimwa mimba kila mwezi kulibaki, na njia mbili za kuzuia mimba zilibaki; kinga ya mtoto haikupungua hata chembe.

Najua wapo miongoni mwenu wasioafiki maisha ya mtu huyu, wala leo sikuja kuwabishia. Nasema tu kwamba tabibu wa ngozi, ambaye watu humvulia nguo, hakuketishwa pale awe kadhi. Na aulize kile ambacho dawa inataka kujua, aulize kwa upole na faraghani, kisha atibu. Kwani mficha maradhi kifo humuumbua, ni kweli. Lakini ziko siri zilizofichwa kwa sababu ya namna zilivyoulizwa.