Bima ya Dhima Hufuata Kazi ya Biashara

Bima ya dhima huilinda biashara pale mtu mwingine anapoumia, au mali yake inapoharibika, kwa sababu ya shughuli au uzembe wa biashara hiyo. Hailipi duka lililoungua wala mzigo ulioibwa. Hayo yana bima zake. Yenyewe hulipa fidia ya aliyedhurika na, kwa kawaida, gharama za kuitetea biashara mahakamani. Wafanyabiashara wengi hukata bima ya moto na ya gari wakaishia hapo, na hilo ni kosa kubwa. Hasara ya moto kwa mali ya dukani haizidi thamani ya mali hiyo, lakini fidia ya mtu aliyepata ulemavu wa kudumu inaweza kumeza duka, mtaji na hata nyumba ya mwenye biashara ambaye hakusajili kampuni.

Wajibu wa kulipa fidia haungoji mkataba. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi, akadai kukuta mabaki ya konokono ndani ya chupa na kuugua. Hakuwa amenunua kitu yeye mwenyewe, wala hakuwa na mkataba na mtu. Hata hivyo, mwaka 1932 Baraza la Malordi la Uingereza liliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho. Kanuni hiyo imo katika sheria ya madhara inayofuatwa na mahakama za Kenya na Tanzania.

Bima inayofaa hupatikana kwa kuikagua kazi yenyewe, hatua kwa hatua. Katika mgahawa, mteja akiteleza kwenye sakafu iliyotoka kudekiwa bila kibao cha tahadhari, dai lake linaangukia bima ya dhima kwa umma. Wageni wa harusi waliopelekewa pilau wakiharisha usiku, hiyo ni dhima ya bidhaa, kwa kuwa madhara yametokea baada ya chakula kutoka mikononi mwa mpishi. Mpishi akiungua na mafuta kazini, Tanzania Bara anahudumiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri huuchangia kila mwezi. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima ya ajali kazini. Pikipiki ya kupeleka chakula ikimgonga mpita njia, inayohusika ni bima ya chombo cha moto, ambayo ni ya lazima. Jiko moja, madai manne, na kila dai lina mlango wake. Anayeuza utaalamu, kama mhasibu, mhandisi au mfamasia, huhitaji pia bima ya dhima ya kitaaluma.

Baada ya aina huja kiasi. Mkataba huweka kikomo kwa kila tukio na kikomo cha mwaka mzima. Vikomo vyote viwili vikiwa shilingi milioni 100, na tukio la kwanza likala milioni 80, miezi iliyobaki inalindwa kwa milioni 20 tu. Kwa hiyo kikomo kipimwe kwa ajali mbaya inayoweza kutokea, si kwa unafuu wa ada.

Muda nao una uzito. Mikataba mingine hulipia tukio lililotokea bima ikiwa hai, hata dai likija baadaye. Mingine, hasa ya kitaaluma, hulipia dai lililowasilishwa bima ikiwa hai. Tanzania Bara na Kenya, madai ya madhara kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 3, na kwa mtoto muda huo huanza kuhesabiwa akishafikia utu uzima. Kwa hiyo hati za zamani za bima zisitupwe.

Sehemu inayoumiza wengi ni ile ya mambo yasiyolipiwa. Bima ya dhima kwa umma kwa kawaida haigusi mali ya mteja iliyo mikononi mwa biashara. Gari likianguka kutoka kwenye jeki gereji, fundi anaweza kugundua kwamba bima yake ingemlipa mpita njia aliyeumia lakini si mwenye gari, kama hakuomba kipengele hicho kiongezwe. Faini, makosa ya makusudi na gharama ya kurudia kazi mbovu navyo huachwa nje.

Anayekata bima anapaswa kueleza ukweli wote: mitungi ya gesi iliyopo, ghorofa zinazotumika, madai yaliyopita. Kuficha jambo la msingi kunaipa kampuni sababu ya kukataa kulipa. Tukio likitokea, kampuni ijulishwe mara moja, kabla mtu hajakiri kosa au kuahidi malipo. Wakala huiwakilisha kampuni ya bima, dalali humwakilisha mteja. Wote wawe na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya Tanzania, TIRA, au ya mamlaka ya bima ya Kenya. Mtanzania asiyeridhika na uamuzi wa kampuni anaweza kumwendea Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kila bima inapohuishwa, kazi ikaguliwe upya. Mgahawa ulioanza kupeleka chakula maofisini si ule uliokatiwa bima mwaka jana, na mkataba usiojua badiliko hilo unaweza kumwacha mteja aliyeumia bila fidia na mwenye biashara bila kinga.