Dawa za Baridi Yabisi na Mafuta Katika Damu



Leo tunazungumzia jambo linalowatia hofu baadhi ya wagonjwa wa baridi yabisi ya viungo: kuanza sindano za dawa za kibayolojia, kisha kupimwa damu na kukuta lehemu imepanda. Mgonjwa hushawishika kuiacha dawa siku hiyo hiyo. Tunawasihi msifanye hivyo kabla ya kuelewa maana ya kipimo hicho.

Baridi yabisi tunayoisema si uchovu wa uzee. Ni kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Viungo huvimba, na visipotibiwa hupinda na kuharibika. Ugonjwa huo hauishii kwenye vidole na magoti. Huidhuru pia mishipa ya damu, na ndiyo maana wagonjwa hawa hupatwa zaidi na maradhi ya moyo. Ajabu ni kwamba ugonjwa unapokuwa mkali, lehemu katika damu hushuka. Kwa hiyo kipimo kizuri wakati viungo vinawaka si ushahidi kwamba moyo u salama. Dawa inapoutuliza uvimbe, lehemu hupanda tena.

Dawa hizi hazilingani. Tocilizumab hupandisha lehemu kuliko etanercept. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa 3,080, ulizilinganisha dawa hizo mbili. Baada ya wiki 4, lehemu mbaya ilikuwa juu kwa takriban asilimia 11 kwa waliopewa tocilizumab. Hata hivyo, haikuonekana tofauti ya wazi katika idadi ya waliopatwa na shambulio la moyo au kiharusi. Hilo si ruhusa ya kupuuza kipimo, kwani lehemu iliyozidi hutibika kwa mlo, mazoezi na vidonge vya kuishusha, bila kuiacha dawa ya viungo.

Basi, ninyi watumiaji, zingatieni haya:

1. Ombeni kupimwa mafuta ya damu kabla ya kuanza dawa, na tena kati ya wiki ya 4 na ya 8. Tunzeni majibu yote, ili daktari wa Musoma au wa Bugando, Mwanza, ayalinganishe.

2. Ulizeni jina la dawa, nanyi mdai risiti. Dawa hizi hutolewa kwa cheti cha daktari. Si za kununua gulioni.

3. Sindano hizi huhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8. Msikubali iliyosafirishwa bila ubaridi.

4. Mkiona homa, kikohozi kisichokoma au maumivu ya kifua, nendeni kituo cha afya bila kukawia. Maudhi ya dawa huripotiwa kwa TMDA.

Dawa ni ghali, na kiungo kilichoharibika hakinunuliki. Ulizeni kwanza, ndipo mwamue.