Zamu Haikeshwi na Kioo

Hapa Kayole hatuoni bahari, lakini vijana wetu waijua kwa kazi. Siku hizi ramani ya bahari imo ndani ya kompyuta iitwayo ECDIS. Yaonyesha meli ilipo, nayo hupiga kengele maji yakipungua kina. Lakini hulia kwa kina alichoiwekea mtu, na mwamba usiochorwa katika ramani yake haiujui.

Tarehe 25 Julai 2020 meli Wakashio ilipanda mwamba huko Mauritius. Ilikuwa imesogezwa pwani kutafuta mtandao wa simu, bila ramani yenye kuonyesha pwani ile wazi. Mafuta kadiri ya tani 1,000 yalimwagika. Mwaka 2021 nahodha na ofisa wake mmoja walihukumiwa kifungo cha miezi 20.

Basi, tukiwa zamuni tusitumainie kioo peke yake. Tutazame nje, tulinganishe na rada. Nasi twawadai wenye meli mafunzo ya mashine ile ile iliyomo melini, na mapumziko yetu ya saa 10 kwa uchache katika kila saa 24. Ajali ikitokea, aendaye jela ni mwenye zamu, si kampuni.